Mtu wa Kazi Yoyote

4 Februari

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya na hamu ya chakula, maana mama yako ameniambia umekonda. Sisi hapa tuko salama. Goti la mkazamjomba wako linamsumbua kwenye ngazi, lakini mdomo wake haupandi ngazi, kwa hiyo nyumba haijanyamaza. Jirani wa juu amenunua cherehani, na akishona naihisi mgongoni nikiwa nimekaa kwenye kiti.

Sasa jambo lenyewe. Unajua kiwanda cha barafu kilifungwa Novemba. Miaka ishirini na sita nimezitunza kompresa zile tatu, na siku ya mwisho nilizizima mwenyewe kwa mkono wangu. Nilidhani kabla ya mwaka mpya nitakuwa nimeshika spana kwingine. Wapi. Viwanda vinafunga, vilivyobaki vinapunguza watu, na kila ninapobisha hodi naambiwa niende kwa wakala wa ajira.

Nimekwenda. Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la miwani, kina meza, feni na mama mmoja mwenye penseli sikioni. Aliniuliza nataka kazi gani. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba mimi si mtu wa kuchagua, kazi yoyote nitafanya. Akaandika. Tangu siku hiyo kila asubuhi saa mbili niko kwenye benchi lake, nimevaa koti langu la harusi, ili asinisahau. Hii ni wiki ya saba. Ananisalimu, ananipa maji ya kunywa, basi.

Shemeji yangu amenitafutia nafasi ya kukaa getini kwenye shule anayofundisha, kazi ya kufungua na kufunga. Anataka jibu kabla Juni haijaisha. Ni kazi ya heshima, siidharau. Lakini nikikaa pale najua spana sitaishika tena, na nina miaka hamsini na minne tu. Wewe kila siku unakaa upande wa pili wa meza kama ile. Niambie ninakosea wapi, wala usinionee haya.

Simu usipige, ina matatizo. Andika.

Mjomba wako


16 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo yake mkazamjomba. Mwambie goti alikande kwa maji ya moto, na asipande ngazi kwenda kugombana na mwenye cherehani. Mama hajambo. Mimi sijakonda, ni nguo tu mpya. Unisamehe kukuandikia kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, ndiyo iliyokuwa karibu. Ungekuwa fundi wa hesabu ningekushughulikia mwenyewe, lakini sisi tunatafutia kazi wahasibu na makarani tu, tena mji mwingine.

Nimelicheka koti la harusi mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kuna nini. Kisha nikaona huruma, nikaacha kucheka. Mjomba, mimi pia ninao watu wa benchi. Nitakueleza kinachopita kichwani mwangu ninapowaona, maana hakuna anayewaambia.

Yule mama hakuajiri wewe na hatakuajiri. Anayemlipa ni mwenye kiwanda. Mwenye kiwanda humpigia akasema, nitafutie mtu anayejua kitu fulani, nimpate kabla ya Ijumaa. Yeye anafungua daftari anatafuta kitu hicho fulani. Hakuna mwenye kiwanda aliyewahi kuagiza mtu wa kazi yoyote. Kwa hiyo ulipomjibu kwa adabu, ulijiandika mahali ambapo hakuna mtu anayefungua. Wewe uliona unamrahisishia kazi, kumbe umemwachia yeye akisie wewe ni nani, na siku hizi kwa jinsi watu walivyo wengi hana nafasi ya kukisia.

Chukua ukurasa mmoja. Andika mashine unazozijua kwa majina yake, umezishika miaka mingapi, ziliharibika nini na ulifanyaje. Andika pia kazi usiyoitaka, usiogope, inamsaidia. Mpelekee, halafu toka kwenye benchi. Mara moja kwa wiki inatosha, na uende na jambo jipya la kumwambia, hata kama ni kwamba umesikia ghala fulani linaongeza vyumba vya baridi. Ukiwa umejiandikisha na kwa wakala mwingine mwambie wazi. Na asipeleke jina lako kwa mtu yeyote kabla hajakuuliza. Hilo ni haki yako, na wakala mzuri analijua. Juzi mawakala wawili walipeleka jina la mhasibu mmoja kwenye kampuni ileile siku ileile, kampuni ikaona ni vurugu ikamwacha. Alilia mbele yangu.

Jambo la mwisho, itengeneze hiyo simu. Wakala akikukosa anapiga namba inayofuata.

Usikate tamaa, Mjomba. Fundi kama wewe hatupwi.

Mpwa wako


9 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi kutoka ngazi ya pili, tulipomkalisha mkazamjomba wako apumzike kabla hajamaliza kupanda. Maji ya moto yamesaidia kidogo. Mama yako alipita Jumapili, akala, akatugombeza wote wawili, akaondoka na mwavuli wangu.

Nilikaa mezani siku tatu na ukurasa wako. Wa kwanza ulitoka kurasa nne. Mkazamjomba wako alisoma akaniuliza kama naomba kazi au nasimulia maisha ya nabii. Alichukua kalamu nyekundu ya kusahihishia akafuta habari za mafuriko, za meneja aliyeiba barafu, na za siku nilipopewa saa ya ukutani. Zilibaki kompresa, mabomba, pampu na miaka. Aliunakili yeye kwa mwandiko wake mzuri, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba nilijisoma nikajiona mtu.

Chini niliandika: kazi nisiyoitaka ni ya getini. Shemeji asione.

Yule mama aliusoma wote nikiwa nimesimama. Alitoa penseli sikioni akapiga mstari chini ya maneno mawili au matatu, akaniangalia kama ndiyo kwanza naingia mlangoni. Nilimwambia asipeleke jina langu popote bila kuniuliza, akatabasamu. Nikaliacha benchi. Nilirudi wiki iliyofuata na habari ya ghala la samaki, na wiki iliyofuata tena.

Sasa ni kimya. Jumatatu alikuwa amebadilika, ananijibu akiwa ameinamia makaratasi. Sijui nimemkosea nini. Nilifanya yote uliyoniambia. Simu bado haijatengemaa.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ilikaa mezani wiki tatu, unisamehe, mambo yalikuwa mengi hapa. Nafurahi kusikia goti lina nafuu. Kuhusu mwavuli, usiudai, mama ameshaanza kuuita wake.

Nilimpigia wakala wako. Sikuomba upendeleo, nilimuuliza tu kama mtu wa kazi moja anavyomuuliza mwenzake, na nilimwambia mimi ni mpwa wako. Alinieleza mambo ambayo nimeyabeba siku kadhaa nikitafuta namna ya kukuandikia.

Ukurasa wako aliupenda. Siku nne baadaye alipata mwajiri, akakupigia. Hukupokea. Akapiga tena kesho yake, na keshokutwa. Mara ya nne ulipokea. Alikuuliza, "Au umeshapata kazi kwingine?" Ukamjibu, "Ndiyo, ndiyo, asante sana." Akakupongeza, ukamshukuru tena. Ndipo akafuta jina lako, akapeleka mtu mwingine. Wiki iliyofuata ukamtokea ofisini na habari ya ghala la samaki, akaona unamchezea.

Mjomba, simu yako inaita vizuri na inapokelewa vizuri. Haina ubovu wowote.

Nilipokuwa mdogo ulikuwa unanikalisha mbele yako penye mwanga ndipo uniambie nikusimulie ya shuleni. Nilidhani unapenda kuniangalia. Sasa nina umri wa kutosha na ninauliza, na ninauliza kwa sababu nakupenda: ni tangu lini?

Mpwa wako


12 Aprili

Mpwa wangu,

Barua yako nimeipata. Sisi wazima. Masikio yangu ni mali yangu, na sikukutuma kwa yule mama ukayajadili naye. Shemeji nitamjibu mwisho wa mwezi, nitachukua geti.

Mjomba wako


5 Mei

Mpwa wangu, mwanangu,

Barua ile ya Aprili ichome. Niliiandika nimesimama na nikaipeleka posta mwenyewe ili mkazamjomba wako asiisome. Alikuja kuisoma usoni mwangu. Hakunisemesha siku mbili, na nyumba yetu ikinyamaza hata mimi naisikia.

Ni tangu mwaka wa kumi wa kiwandani. La kushoto lilikwenda lote, la kulia limebakiza nusu, na hiyo nusu kwenye simu haifai kitu. Kompresa tatu chumba kimoja, hakuna aliyetupa cha kuziba masikio. Nilijifunza kusoma midomo, na mtu nisipomwelewa namjibu ndiyo, kwa sababu watu wengi huuliza mambo ya kujibiwa ndiyo. Siku ile nilipokea simu kwa kuwa ilikuwa inatetemeka mfukoni na nilikuwa nimechoka kuikimbia. Nilificha kwa sababu nilijiuliza ni nani atakayeajiri fundi kiziwi wakati wenye masikio mawili wamejaa barabarani. Niliona aibu, mpwa wangu, tena aibu kubwa, na wewe ndiye niliyeogopa zaidi ujue.

Mkazamjomba wako alipoanza tena kusema, alisema mara moja tu. "Umemwachia yule mama akisie tena, na amekisia kwamba wewe ni mwongo." Akaniwekea daftari na kalamu mezani, akaenda kuchemsha maji ya goti lake.

Basi nikaenda. Bila koti. Niliandika ukurasa wa kwanza wa daftari nikamfungulia: sisikii kwenye simu, ile siku sikujua ulichoniuliza, naomba radhi, nitumie ujumbe wa maandishi au niandikie hapa. Alisoma. Akavuta kiti akakaa upande wangu wa meza, akachukua kalamu. Tukazungumza hivyo saa nzima, daftari likienda na kurudi. Aliandika: na mashine unazisikiaje?

Hapo nilitaka kupiga chuku, nikaghairi. Nilimwandikia ukweli ambao hata mama yako haujui. Nina bisibisi ndefu ya mpini wa mti. Naweka ncha kwenye chuma cha mashine, mpini nauuma kwa meno. Mlio unakuja kupitia kwenye mifupa mpaka ndani ya kichwa, nao ni safi kuliko anaousikia mtu wa sikio, kwa sababu kelele za chumba hazimo. Kiwandani waliniita Mla Bisibisi na walidhani ni mzaha wangu. Nami niliwaacha wadhani hivyo. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akafuta machozi akayaandika yote kwenye ukurasa wangu, chini ya pampu. Akaniuliza kama anaruhusiwa kumwonyesha mwajiri. Aliniuliza kweli, kama ulivyosema. Nikamwandikia ndiyo, na safari hii nilijua najibu nini.

Jumanne amenipeleka kwenye ghala la baridi la dawa. Vyumba sita, usafi wa hospitali. Meneja ni kijana mwenye wasiwasi, alizungumza na wakala huku akinitazama kando. Tulifika kwenye mashine iliyokuwa inatetemeka. Mafundi wawili walikwisha sema kompresa imekufa, inunuliwe nyingine. Nikatoa bisibisi mfukoni. Wote wakatazama pembeni nilipoiuma. Nilihama mara tatu, kisha nikaandika: kompresa ni nzima, iliyokwisha ni beringi ya mota, ile ya upande wa ukutani. Meneja akasema wataifungua Jumatatu waone. Akauliza nitajuaje king'ora kikilia. Nikamwandikia kwamba kiwandani nilijifungia taa nyekundu kwenye waya wa king'ora, nikiwaambia wenzangu ni pambo. Hakucheka, alikunja karatasi akaitia mfukoni.

Ndipo tulipo. Moyo uko juu. Shemeji nimemwomba avumilie hadi Juni.

Na sasa zamu yangu. Barua yako ya kwanza ilikuwa kwenye karatasi ya ofisi. Ya Aprili ni karatasi ya daftari la shule, imechanwa, na ina duara la kikombe cha chai. Bahasha ya Februari ilikuwa na muhuri wa posta ya karibu na ofisi yenu, hii ina muhuri wa posta ya mtaani kwako. Mtu asiyesikia hutazama. Mpwa wangu, kazini vipi?

Mjomba wako


24 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Ya Aprili sikuichoma, niliirarua, ikatosha.

Nimepigwa kalamu. Ilikuwa Machi, wiki uliyoniandikia habari ya kurasa nne. Waajiri wasipoajiri, wakala hana cha kula, basi wakapunguza watu tisa na mimi nikiwemo. Walitupa katoni za kubebea vitu vyetu. Vyangu vilikuwa kikombe na kalenda. Nilimpigia wakala wako nikiwa jikoni kwangu, nimevaa kanga, najifanya mtu wa kazi moja naye.

Sikumwambia mama, sikukwambia wewe. Ningekuambiaje? Wewe ulikuwa unanitegemea mimi nijue mambo. Nilikuandikia kwamba mambo yalikuwa mengi hapa, na nikiifunga bahasha nilikuwa nimekaa sakafuni.

Tena kuna la kuchekesha. Mwezi uliopita nilikwenda kwa wakala mmoja hapa, mtu ninayefahamiana naye, mara nyingi tumekaa kwenye mikutano viti vya mbele pamoja. Akaniuliza nataka nini. Na mimi, niliyewafundisha watu mia wasiseme hivyo, nilisikia mdomo wangu ukisema kazi yoyote. Aliandika. Nilimwona anapoandika. Niliona haya kumwambia kwamba najua kazi moja tu na naipenda: kukaa na mtu aliyevunjika moyo mpaka ajue anachoweza, halafu kumpeleka anapohitajika. Niliona nikisema hivyo nitaonekana najiona.

Sasa umejua. Kifua kimekuwa chepesi. Niambie Jumatatu walikuta nini ndani ya mota, nimeshindwa kukaa.

Mpwa wako


11 Juni

Mpwa wangu,

Hatujambo kabisa. Mkazamjomba wako amepanda ngazi zote bila kupumzika, akafika juu, akagombana na mwenye cherehani, wakawa marafiki.

Ilikuwa beringi. Ya upande wa ukutani. Meneja aliniletea kwenye kiganja chake imeliwa yote, akanipa mkono wake mwingine. Nilianza tarehe mosi. Mlangoni mwa chumba cha mashine kuna taa nyekundu mpya, na wamefunga ya pili pale ninapokula. Fundi mdogo wa zamu amejinunulia bisibisi yenye mpini wa mti, ingawa bado anaing'ata upande usiofaa. Wote wamepewa vya kuziba masikio, nimesimamia mwenyewe. Shemeji hakukasirika, alisema geti lingenichosha kwa kuwa lina mlio. Nilisoma midomo yake vizuri, ni kweli alisema hivyo.

Niliposoma barua yako nilikaa. Nilikuonea uchungu, na pia nilifurahi, unisamehe, maana kwa miezi minne nilidhani mjinga ni mmoja tu katika ukoo huu. Usikae sakafuni. Mama yako nimemwacha umwambie mwenyewe, lakini fanya haraka, ana mwavuli wangu na ana miguu.

Jana nilikwenda kumshukuru wakala. Alinifungulia daftari letu akaandika: ni nani aliyekufundisha kuandika ukurasa ule, na kunitaka nikuulize kabla ya kupeleka jina? Katika watu wangu wote ni wewe peke yako. Nikamwandikia ni mpwa wangu, fundi wa kazi hiyo. Akaandika kwamba maghala na viwanda vya mitambo vimeanza kumwomba watu tena, si wengi, lakini peke yake hamudu, na anamhitaji mtu wa kukaa na mafundi. Akauliza kama mpwa huyo ana nafasi. Meza ya pili ipo, imejaa makaratasi chini ya feni.

Nilichukua kalamu. Kisha nikamwandikia: siwezi kukupa jina lake kabla sijamuuliza.

Basi nakuuliza.

Mjomba wako


19 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama nimemwambia. Alilia kidogo, akapika kingi, na mwavuli unarudi na mimi.

Mpe jina langu. Nimeambatisha ukurasa mmoja, niliuandika mara sita, na maneno yale mawili hayamo. Umkabidhi mkononi, halafu umwambie apige simu saa yoyote anayotaka.

Mimi nitaisikia.

Mpwa wako